Sinia la Asumini kwa Ama

Apple Valley, Minnesota
20 Novemba 2023

Mahfudh,

Huna adabu. Salamu zako zipo, zimekaa zinangoja, utazipata nikishamaliza kusema.

Jana nilikuwa jikoni nachuja tui, baba yako akaingia, akafunga mlango, akaninong'oneza kama mwizi: "Mama, Mahfudh amekwenda kuposa huko Bangkok." Nikamuuliza, amekwenda na nani? "Peke yake." Peke yake! Umebisha hodi kwa watu na mdomo wako mtupu, ukasema namtaka binti yenu, kama mtu anayeazima ngazi. Una jamaa wewe au uliokotwa? Mimi niliyekulea mama yako akifanya zamu za usiku hospitalini, mimi niliyekufundisha kuandika Kiswahili hiki hapa mezani huku wenzako wanacheza, nami mwenyewe nilijifunza herufi nikiwa na watoto wanne, kwenye darasa la watu wazima pale Kibokoni, Mombasa. Leo habari ya posa yako naipata kwa kunong'onezwa juu ya nazi.

Na wewe ulikuwa ukiniita mke wako ulipokuwa mdogo. Ukitaka kuniletea mke mwenzangu, uniombe ruhusa kwanza.

Haya, chukua salamu zako. Sisi wazima. Theluji imeanza mapema na jirani hajaondoa yake, tunateleza mbele ya nyumba yake kama watoto. Baba yako amehamisha duka amelipeleka Savage, karibu na mto, ati kuna maegesho makubwa. Maegesho nimeyaona, ni makubwa kweli. Wateja ndio sijawaona. Keziah, yule jirani anayetunza wazee kule Saint Paul, bado ananiletea maembe ya mkebe kila wiki, na mimi bado namwambia asante.

Sasa nijibu. Binti huyo ni nani? Ni Mwislamu? Wazee wake ni akina nani, na walikwambia nini? Jibu kwa barua. Simu siitaki. Nikizungumza kwa simu baba yako husimama mlangoni anasikiliza, na wewe ukichoka kusemwa unasema laini mbaya. Barua hukati.

Nyanya yako,
Fatimah


Bangkok
14 Desemba 2023

Nyanya mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimepiga magoti, amini usiamini. Sori sana. Ningekwambia mwanzo, lakini niliogopa ungesema hapana, na nikisikia hapana yako siwezi kuivuka.

Mimi ni mzima, kazi inaendelea. Mashine za hospitali zinaharibika kila siku na mimi natengeneza kila siku. Mkataba unaisha mwisho wa Juni. Joto la huku lingekupendeza, ni kama la nyumbani, nguo inakauka kabla hujamaliza kuianika.

Binti anaitwa Rahmah. Ni mfamasia katika hospitali moja ninayofanyia kazi. Ni Mwislamu, Nyanya, tulia. Baba yake ni Mchina Mwislamu wa kaskazini ya nchi hii, watu wao walikuwa wakipitisha misafara ya nyumbu milimani. Mama yake alizaliwa hapa mjini, mtaa wa Wachina unaoitwa Yaowarat. Yeye alisilimu alipoolewa, na mama yake mzazi hakuja harusini. Mpaka leo huyo bibi hajaingia nyumba ya bintiye, na bintiye hajarudi dukani kwa mamake. Rahmah peke yake ndiye anayekwenda na kurudi. Anamwita Ama, maana yake ni nyanya.

Nilipokwenda kwa baba yake Rahmah, mzee alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mimi sina neno. Kamtafute Ama." Na Rahmah ameniambia wazi: mama yangu aliolewa bila radhi ya Ama, nimekua nikiona jambo hilo lilivyomla, mimi sitakuwa wa pili. Ama akikataa, hakuna ndoa.

Basi tukaenda Yaowarat. Nyanya, ungeona mtaa huo. Mabango ya maandishi ya Kichina yamening'inia juu ya barabara, mekundu kwa dhahabu, moja limelipanda jingine mpaka mbingu huioni. Maduka ya dhahabu yamepakwa rangi nyekundu ndani na nje. Njiani wanakamua makomamanga, wanakoroga karanga fulani kubwa katika mchanga mweusi wa moto, bata wametundikwa kwa shingo wanatona mafuta. Kuna kichochoro kinaitwa Sampeng, chembamba kama vya Mji wa Kale, watu wamebanana bega kwa bega, na bado inapita pikipiki yenye marobota ya vitambaa, na nyuma yake mkokoteni, na mwenye mkokoteni anapaza sauti neno ambalo naapa ndilo simile yao. Tena nimeona udi! Vipande vimefungiwa kwenye kabati la kioo. Muuzaji akaniambia miti yake inatoka misitu ya huku huku. Kumbe udi wako wa Mombasa ulikuwa mgeni.

Ama ana duka la vitu vikavu: uyoga, kamba, tende nyekundu za Kichina. Amepita themanini. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole, akamuuliza Rahmah jambo moja tu: huyu amekula? Nikaletewa bakuli la uji. Sikujua ndani mna nini, niliogopa nguruwe, nikasema nimeshiba, asante. Ama akageuka akaendelea kupima kamba wake. Hakunitazama tena.

Nifanye nini, Nyanya? Rahmah anasema tusubiri. Mimi kusubiri siwezi.

Mjukuu wako,
Mahfudh


Apple Valley
5 Januari 2024

Mahfudh,

Waalaikum salaam, ingawa salamu yenyewe hukuitoa. Na usiniandikie "sori". Kuna "niwie radhi", ni maneno mawili tu, kalamu haitavunjika.

Mama yako ana mafua, anakwenda kazini hivyo hivyo. Baba yako ameweka taa mpya dukani Savage. Sasa linaonekana vizuri kuwa halina watu. Keziah aliniuliza habari zako, nikamwambia unaoa Mchina, akapiga kelele mpaka nikamnyamazisha. Usinune, Keziah ni mtu wetu.

Sasa sikiliza, mume wangu wa zamani. Binti Mwislamu, anayejali moyo wa bibi yake, huyo nimemkubali bila kumwona. Hilo limekwisha. Lililobaki ni wewe. Umekwenda kwa mwanamke mtu mzima mikono mitupu, akakupa chakula ukakikataa, halafu unashangaa amekugeuzia kisogo? Ningekuwa mimi ningekufukuza kwa ufagio. Hajakukataa. Anangoja aone kama umelelewa.

Utamwonyesha. Tafuta sinia zuri la shaba au bati linalong'aa. Litandike kitambaa cheupe, cheupe kabisa, kilichopigwa pasi. Juu yake weka asumini zilizotungwa, nyingi, zijae. Umesema udi upo, nunua mzuri, usinunue wa kufukuzia mbu. Tafuta na chetezo cha kuufukizia. Vaa kanzu yako nyeupe na kofia. Nenda jua likiwa limepoa, siku yao ya furaha, watu wakiwapo waone. Uuwashe udi, uweke sinia miguuni pake, uinamishe kichwa, unyamaze. Moshi na asumini vitasema. Mimi hivyo ndivyo nilivyoletewa posa, na watoto wangu wanne wote wameoa na kuolewa hivyo hivyo.

Rahmah usimwambie. Biharusi hashauriwi sinia la posa wala halioni kabla. Na usiulize watu wengine wa huko. Ukiuliza watu kumi utafanya mambo kumi.

Nyanya yako


Bangkok
20 Februari 2024

Nyanya,

Shikamoo. Natumai mama amepona. Mwambie baba asikate tamaa na duka.

Nilifanya kama ulivyoniagiza.

Nilichagua mwaka mpya wa Wachina, siku ya tatu. Yaowarat yote ilikuwa nyekundu, taa nyekundu, watoto wamevaa nyekundu, hata mbwa mmoja nilimwona na shati jekundu. Asumini zinauzwa njiani zimetungwa tayari, nikanunua mpaka muuzaji akacheka. Chetezo kilinisumbua. Mwishowe nikaingia duka moja kichochoroni, nikaona vyungu vizuri vya kufukizia, vina miguu mitatu. Duka hilo lilikuwa na nyumba za karatasi, viatu vya karatasi, simu za karatasi, nikadhani ni vitu vya kuchezea watoto. Nikanunua chungu kimoja.

Basi nikapita katikati ya umati wote ule mwekundu nikiwa na kanzu nyeupe, sinia mkononi, moshi unafuka. Watu walikuwa wananipisha njia. Nyanya, nilijiona bwana harusi. Nilidhani wananiheshimu.

Ama alikuwa mlangoni na majirani zake. Nikaweka sinia miguuni pake, nikainama. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshika kifua. Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Mwingine akanirushia chumvi mgongoni, kama anayefukuza mkosi. Ama akaingia ndani, akavuta lango la chuma mpaka chini.

Rahmah akanipigia simu analia. Hivi ndivyo alivyonieleza. Kwao nyeupe ndiyo rangi ya msiba. Maua meupe na ubani unaofuka huwekwa mbele ya picha ya marehemu. Lile duka la karatasi ni la vitu vya kuwachomea wafu, na kile chungu ndicho cha kuwafukizia. Siku za mwaka mpya kwao hata neno "kufa" halitamkwi. Mimi nimemwendea mwanamke wa miaka zaidi ya themanini, mbele ya majirani zake, nimemvalia msiba wake na kumpelekea maziko yake akiwa hai.

Ameniambia nisimpigie simu. Hospitalini anapita ngazi nyingine.

Sikulaumu, Nyanya. Mimi ndiye niliyekuwa na macho pale.

Mahfudh


Apple Valley
27 Februari 2024

Mahfudh,

Umenyamaza sana. Najua barua zina miguu mifupi, lakini nimeshafanya hesabu ya sherehe ya Wachina, Keziah amenitazamia, imekwisha kupita. Ama alisemaje? Asumini zilimpendeza? Uliweka nyingi au ulikuwa bahili kama babu yako?

Hapa ni wazima. Baridi imetupa nafasi, jua limetoka, nimetoka nalo mpaka kona nikarudi. Nimeanza kupekua kasha langu. Kuna leso jozi mbili sijazivaa, nimeziweka kando za mke mwenzangu. Na moja ya Ama, kama leso anaijua kazi yake. Utamwonyesha.

Andika upesi. Nikae nikidhani nini?

Nyanya yako


Apple Valley
9 Machi 2024

Mahfudh,

Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, kisha nikamwambia baba yako hamna kitu ndani ila salamu.

Asumini ni ua zuri.

F.


Apple Valley
30 Machi 2024

Mahfudh,

Assalaam alaikum. Saumu inakwenda vizuri, alhamdulillahi. Mama yako amepona na sasa baba yako ndiye anayekohoa, anakohoa kwa sauti ili tumsikie. Duka limepata wateja wa futari, sambusa zangu mimi, lakini hilo hasemi.

Nilikuwa sitaki kukuandikia. Chungu chenye miguu mitatu nani kakutuma ununue? Mimi nilisema chetezo. Ukaona nyumba za karatasi ukanyamaza! Kwa muda nilishika hilo la chungu, nikawa najisemea, ni chungu, ni chungu ndicho kilichoharibu. Keziah akaniona nimekaa dirishani na koti, siendi popote. Akasema, "Nyanya, wewe huumwi lakini huna raha." Nikamwambia yote. Hakucheka, namshukuru. Akasema kule anakofanya kazi Saint Paul kuna mama mmoja wa Kichina, Bi Kheng, alizaliwa Kambodia kwenye mtaa wao wa Wachina, na kabila lake ni lile lile la watu wengi wa Yaowarat. "Twende ukamuulize." Mimi niende nikamuulize mtu namna ya kuposa? Nikakataa. Siku ya tatu nikavaa viatu.

Tukapita kwanza University Avenue, pale reli inapopita. Keziah alitaka kununua kitu cha kumpelekea, akasema wazee hawa hawaendewi mikono mitupu, nami nikanyamaza maana maneno hayo ni yangu. Sikujua kama mtaa ule upo. Miaka yote hii nimekwenda Saint Paul kwa daktari tu na kurudi. Dukani kuna samaki wanaogelea, kuna majani sijui hata pa kuyashika, nazi zipo, mihogo ipo, mabibi wanabonyeza matunda na kuyarudisha kama mimi. Keziah akanunua machenza. Nikamuuliza asumini ziko wapi, akanitazama.

Bi Kheng ni mdogo kama mtoto wa darasa la tano, amekaa kitini na blanketi. Kiingereza anakijua, mimi nakijua cha duka, Keziah akasimama katikati. Nikaeleza. Nilipofika kwenye sinia, akaweka mkono mdomoni. Nilipofika kwenye moshi akacheka mpaka akakohoa, Keziah akaja na maji. Mimi nikakasirika. Nikamwambia, "Kwetu nyeupe ni Idi. Nyeupe ni kanzu ya harusi. Asumini ni ya biharusi, udi ni wa biharusi. Nilimpelekea mambo mazuri niliyo nayo."

Akaweka maji chini. Halafu akaniuliza kwa upole: "Na kwenu maiti mnamvika nini?"

Mahfudh, nilikaa. Nimewaosha wangapi kwa mikono hii? Nimewakatia sanda, sanda ni nyeupe. Nimefukiza udi chumbani, wakapita kwenye moshi ule ule. Na babu yako nilimwekea asumini kifuani mimi mwenyewe. Kumbe na sisi hivyo hivyo! Na mimi katika maisha yangu sijawahi hata mara moja kuona kwamba ni vitu vile vile. Nimemwambia Bi Kheng, "Na sisi sanda." Akanishika mkono, Keziah akawa anamenya machenza.

Basi chukua maneno haya, umpelekee Ama. Yasome kama yalivyo, usiyapambe.

"Ama, mimi ni Fatimah, nyanya yake Mahfudh. Sinia lilikuwa langu. Kijana alitumwa na mimi, na nilimkataza asiulize mtu. Kwetu ndivyo tunavyomheshimu mwanamke tunayetaka mtoto kutoka mikononi mwake. Sikujua kwenu ni nini, na sikutaka kujua, nilidhani dunia nzima ni Mombasa. Nakuombea umri mrefu. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, niko mbali, sitasikia, unaweza kupiga kelele unavyotaka. Kijana huyu ni mzuri. Ulipompa uji alikataa kwa sababu ya dini, hakukataa chakula chako. Mpe kitu kingine umwone anavyokula."

Usiende na nguo nyeupe hata soksi. Nenda asubuhi, baada ya Idi. Chukua machenza na majani ya chai mazuri, vifungwe kwa karatasi nyekundu, Bi Kheng amesema kila kitu kiwe jozi. Rahmah hasemi nawe, kwa hiyo hatakufasiria. Nenda kwa mama yake. Mwambie nyanya yako anamwomba, akafasiri maneno yangu kwa mamake. Akisema hawezi kuingia pale, mwambie nami nilisema siendi Saint Paul.

Nyanya yako


Bangkok
21 Aprili 2024

Nyanya mpenzi,

Idi njema iliyopita. Nilikula Idi kwa baba yake Rahmah, alinialika mwenyewe. Rahmah alikaa meza ya mbali lakini aliniletea maji. Ni mwanzo.

Mama yake aliposikia ombi lako aliniuliza mara mbili, "Nyanya yako amesema mimi?" Nikamwambia amesema wewe. Akaenda chumbani akakaa muda. Akatoka amevaa mtandio wa bluu na mkoba.

Tulikwenda asubuhi mapema, Yaowarat bado inaamka, wanamwaga maji njiani, wanashusha samaki. Huyo mama alikuwa akitembea mbele yangu bila kuuliza njia, kona hii, kona ile, halafu hatua chache kabla ya duka akasimama. Nikadhani atarudi. Akaniambia, "Zamani hapa palikuwa na fundi viatu." Akaendelea.

Ama alikuwa anapanga magunia. Akainua macho akamwona bintiye. Hakuna aliyesalimia. Ama akasema jambo, na mama yake Rahmah akaanza kulia na kucheka pamoja. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema: "Umenenepa."

Mimi nikasoma maneno yako kwa Kiswahili kwanza, kama yalivyo, kisha nikayaweka kwa Kiingereza, naye akayatia katika lugha yao. Ama alisikiliza huku anachambua uyoga. Ulipomwambia apige kelele wewe hutasikia, mkono wake ukasimama. Akauliza, "Ana miaka mingapi huyu?" Nikamwambia themanini, au karibu, vyeti vya wakati ule havina uhakika. "Meno yake?" Nikasema baadhi yapo. "Yeye ndiye aliyechagua kile chungu?" Nikasema hapana, chungu ni mimi. Akasema, "Nilijua. Mwanamke mwenye akili hawezi kununua chungu kibaya vile." Nyanya, jirani aliyenirushia chumvi alikuwa mlangoni anasikiliza, akacheka mpaka akashika nguzo.

Rahmah akateremka ngazi. Sikujua kama alikuwa juu. Akakaa karibu na mama yake.

Kisha Ama akapanda kibao, hataki kusaidiwa, akatoa nyuma ya makopo sufuria mpya ndani ya boksi lake, boksi limefifia rangi. Mama yake Rahmah akaijua. Ama aliinunua mwaka ule ule wa harusi ambayo hakwenda, sufuria isiyoingia nguruwe, akaiweka ikamngoja mtu wa kuja kuilia. Akapika wali na mayai. Nikala, Nyanya. Nikala mpaka nikaongezwa, nikaongezwa tena, kwa amri yako.

Lakini jibu hajatoa. Nilipoaga nikamuuliza kupitia kwa Rahmah, maana sasa Rahmah anasema nami. Ama akasema hivi: "Maneno nimeyasikia, ni mazuri. Lakini karatasi hainywi chai. Kwetu mtoto anaombwa na wazee wake wakiwa wamekaa mbele yangu. Huyu Fatimah ana miguu? Basi aje. Nikimwona, nitasema."

Nimemweleza kwamba uko mbali sana, na kwamba ndege huipendi. Akarudi kwenye magunia yake.

Mkataba wangu unaisha Juni, Nyanya. Sijui la kufanya. Baba anaweza kuja peke yake, lakini Ama amekutaja wewe kwa jina.

Wako,
Mahfudh


Apple Valley
8 Mei 2024

Mahfudh,

Waalaikum salaam. Theluji imekwisha, jirani amefurahi maana sasa hatujui uvivu wake. Bi Kheng hajambo, nimekwenda kwake tena mara mbili, hatuna lugha lakini tunamenya machenza na kuwasema wanaopita. Keziah amebadilishiwa zamu, amekasirika, maembe hayajakoma.

Barua yako niliisoma chumbani. Halafu nikaisoma jikoni. Halafu nikampa baba yako aisome kwa sauti, naye alipofika kwenye sufuria akaniambia ana kikohozi.

Unasema ndege siipendi. Nani kakwambia uwaambie watu siri zangu? Kweli siipendi. Niliposhuka ile iliyonileta huku niliapa nitapanda moja tu baada ya hapo, ya kunirudisha Mombasa nikazikwe. Miguu ilivimba, chakula kilikuwa kama sabuni, na mtu wa pembeni alinilalia bega kutoka bahari moja mpaka ya pili. Nilimwambia baba yako aende peke yake, yeye ni baba, inatosha. Nikalala na neno hilo. Asubuhi nikajiuliza: yule mwanamke ameweka sufuria rafuni miaka yote hiyo, na bintiye yuko mji ule ule. Wote wawili walikuwa na miguu. Mimi nikatae safari ya siku moja, kisha nikaketi hapa nikiongeza miaka?

Na siendi kwa ajili yako tu, usijipe ukubwa. Kuna mwanamke Bangkok amesema nina akili. Nataka asikie mengine.

Baba yako ameshughulikia tikiti, mwezi wa sita, kabla mkataba wako haujaisha. Keziah atanifungia miguu kwa zile soksi zao za kubana. Mama yako anabaki na duka, na labda sasa litauza kitu.

Kwa hiyo, ukishaikunja barua hii, usiketi. Mchukue Rahmah na mama yake, mwende kwa Ama leo, si kesho. Mwambieni Fatimah anakuja na mwanawe, kuomba binti kwa mdomo, na kunywa chai. Mwulizeni mchana analala saa ngapi, nisije nikamwamsha. Kisha nenda kanunue kiti chenye mgongo na mto wa kukalia, ukipeleke dukani kwake, ukiweke kando ya chake, kiwe kimetulia sawasawa hakiyumbi, maana nikikaa pale siinuki mpaka aseme ndiyo.

Nyanya yako,
Fatimah